Fundi Alipwe kwa Kupima

Kila mwaka kaskazi inapovuma na hari ya mwambao ikapanda hata kivuli cha mwembe kisiwe na msaada, mafundi wa viyoyozi vya magari, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi vichochoro vya Mombasa, huingia katika msimu wao wa kazi nyingi, na malalamiko wanayoletewa aghalabu huwa ni yale yale: kitufe kimebonyezwa, taa yake imewaka, feni inavuma kwa nguvu zake zote, lakini upepo unaotoka ni wa moto, na boneti ikifunuliwa huonekana kwamba kompresa haishiki. Hapo, kabla ya waya hata mmoja kuguswa, hukumu huwa imekwisha kutolewa. "Bosi, hapo gesi imeisha tu," husema mmoja. Na mwingine, ambaye ana kompresa ya mtumba ya kuuza, husema kwamba kompresa imekufa. Hukumu zote mbili zaweza kuwa kweli, lakini zikitolewa bila ya kipimo ni dhuluma kwa mteja, kwa fundi mwenyewe na kwa anga iliyo juu yetu sote. Na nasema pia, ijapokuwa wenye magari hawatapenda kulisikia neno hili, kwamba sehemu kubwa ya taksiri iko kwetu sisi tunaolipa, kwa kuwa tumekataa kata kata kumlipa fundi kwa kazi ya kupima.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza kuitazama mashine yenyewe. Kompresa ya magari mengi tuliyo nayo huendeshwa na injini kwa mkanda. Mkanda huzungusha puli, na puli huzunguka muda wote injini inapowaka, kiyoyozi kiwe kimewashwa au kimezimwa. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye ncha ya mhimili wa kompresa, na nyuma ya puli kuna koili ya waya wa shaba. Umeme wa volti 12 ukipita katika koili hiyo, koili hugeuka sumaku, ikaivuta sahani mpaka ikagandamana na puli, na sauti fupi ya "tak" ikasikika. Tangu hapo mhimili huzunguka pamoja na puli, na gesi huanza kusukumwa. Umeme ukikatika, springi huirudisha sahani mahali pake, na kompresa husimama ilhali puli ingali ikizunguka. Hiyo ndiyo klachi ya kompresa, na tunaposema kwamba kompresa haishiki, maana yetu ni kwamba sahani hiyo imebaki imetulia tuli mbele ya puli inayokwenda mbio.

Lakini umeme huo haupelekwi kwenye koili kwa amri ya kitufe peke yake. Kitufe cha dereva huomba tu; idhini hutolewa na vyombo vingine vilivyowekwa makusudi kwa ulinzi wa mitambo, na kimoja kikikataa, ombi limekataliwa. Kuna kihisi cha joto kilichopachikwa kwenye evapureta, ndani ya dashibodi, ambacho huizuia kompresa ubaridi unapokaribia nyuzi sifuri, ili umande unaofanyika juu ya mapezi yake usigande ukawa barafu na kuziba njia ya upepo. Kuna swichi ya presha kwenye bomba la gesi, ambayo hukata umeme presha inaposhuka chini ya paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa inayozunguka bila ya gesi hujisaga yenyewe kwa ukavu. Na swichi hiyo hiyo hukata tena presha inapopanda kufikia paundi 450 hivi, mabomba yasije yakapasuka. Kuna kompyuta ya injini, ambayo huinyima kompresa idhini injini inapochemka kupita kiasi, au dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho ili alipite lori mlimani. Na katika Toyota nyingi za miaka ya nyuma kuna kihisi kinacholinganisha mwendo wa kompresa na mwendo wa injini, ambacho kikiona kwamba kompresa inabaki nyuma, ama kwa mkanda kuteleza ama kwa kompresa kukwama, huikata klachi na kuifanya taa ya kitufe ipepese, ishara ambayo madereva wengi huidhani kuwa ni kasoro ya taa.

Kwa hiyo kompresa iliyosimama mara nyingi huwa inatii amri, na swali la kwanza la fundi halina budi kuwa: nani ameizuia, na kwa sababu gani? Swali hilo likiulizwa kwa taratibu, jibu hupatikana. Lisipoulizwa, gari hujazwa gesi lisiyoihitaji, au hufungwa kompresa ya pili ambayo nayo itakataa kushika kama ya kwanza, kwa kuwa aliyezuia bado yupo mahali pake.

Utaratibu wa kumtafuta mzuiaji huyo si siri, wala hautaki vyombo vya anasa. Fundi mwenye hadhari huanza kwa macho na masikio, injini ikinguruma polepole na kiyoyozi kikiwa kimewashwa: puli inazunguka? Mkanda umekaza? Feni ya kondensa, kule mbele ya rejeta, inakwenda? Kisha hufungua sanduku la fyuzi, akasoma maandishi yaliyo chini ya kifuniko, ambapo katika Toyota nyingi rilei ya klachi huandikwa MG CLT, akaichomoa fyuzi na kuutazama uzi wake kwenye mwanga, na rilei akaibadilisha kwa muda na nyingine ya aina ile ile iliyomo humo humo sandukuni, mathalani ya honi. Klachi ikishika kwa rilei ya honi, upelelezi umekwisha, na mteja ameokoka kununua kompresa kwa kosa la kijidude kinachoenea kiganjani. Ikiwa ni fyuzi iliyoungua, fundi mwaminifu hatii nyingine akaenda zake, bali huuliza kwa nini imeungua, kwa kuwa koili iliyochomeka ndani kwa ndani huvuta umeme kupita kiasi. Na yule anayeizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isiungue tena, huyo ameandaa moto wa kuliteketeza gari la watu.

Baada ya hapo huja kipimo kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kuwa sharti la kila gereji inayojiita ya viyoyozi. Fundi huufuata waya unaotoka kwenye klachi, ambao aghalabu huwa ni mmoja tu, huichomoa soketi yake, akaifuta vumbi na kutu, kisha akaugusisha upande wa soketi unaotoka kwenye gari kwa taa ya kupimia, iliyoungwa kwenye hasi ya betri, huku mwenzake akibonyeza kitufe. Mita ya umeme nayo yafaa, lakini taa ina fadhila yake, maana waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili tatu huweza kuidanganya mita ikasoma volti 12 kamili, ila hauwezi kuiwasha taa ikang'aa sawasawa. Taa ikiwaka, idhini imetolewa na umeme umefika, na kosa liko kwenye klachi. Isipowaka, hakuna mtu mwenye haki ya kuishitaki kompresa, na uchunguzi hurudi nyuma kwenye swichi, vihisi na nyaya. Kwa kazi ya dakika chache mashaka yote yamegawanyika mafungu mawili, na kila fungu lina dawa yake.

Fungu la kwanza, la umeme kufika na klachi isishike, ndilo linalowatia watu hasara kubwa, kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na kifo cha kompresa. Hapo fundi hupima koili, na ikiwa nzima aghalabu husoma baina ya omu 3 na 5. Isiposoma kitu, waya wake umekatika, na koili hubadilishwa peke yake bila ya kompresa kufunguliwa tumbo wala gesi kutolewa. Ikisoma vizuri, huchukua fila geji na kupima mwanya uliopo baina ya sahani na puli, ambao kwa kompresa nyingi hutakiwa uwe kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.6. Kila klachi inaposhika, nyuso mbili hizo husuguana kidogo, na baada ya miaka mingi ya kushika na kuachia mwanya hupanuka, mpaka sumaku isiweze tena kuivuta sahani. Dalili yake ni ya ajabu kwa asiyeijua: asubuhi kiyoyozi hufanya kazi, adhuhuri hukataa, na jioni hurudi kama kwamba hapakuwa na neno, kwa sababu koili ikipata joto ukinzani wake huongezeka, sumaku ikapungua nguvu, na mwanya uliovukika kwa ubaridi ukawa hauvukiki kwa joto. Dawa yake katika klachi za namna hii ni kuifungua sahani na kuondoa mojawapo ya washa nyembamba zilizoko nyuma yake, ili mwanya upungue. Ni washa ngapi hizo zisizotolewa, na kompresa ngapi nzima zikatupwa badala yake, katika nchi ambayo magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa Japani?

Fungu la pili ni la umeme kutofika, na humo ndimo gesi inamopaswa kutajwa, wala si kabla. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mabomba mwaka baada ya mwaka, na ikipungua hata swichi ya presha ikakata umeme, ni kwa sababu pana mahali inapovujia, ama kwenye oringi iliyokauka, ama kwenye kondensa iliyopigwa na kokoto za barabara ya vumbi, ama kwenye sili ya mhimili wa kompresa yenyewe. Mara nyingi mahali hapo hujitangaza, kwa kuwa mafuta hutoka pamoja na gesi na vumbi likanata juu yake, na palipo na doa jeusi lenye unyevu ndipo pa kupaka povu la sabuni na kungojea mapovu. Kuongeza gesi bila ya kuuziba mwanya huo ni kumuuzia mteja wiki chache za ubaridi; wahenga walipomwonya asiyeziba ufa kwamba atajenga ukuta, hawakuacha upenyo kwa mafundi wala kwa matajiri wao.

Hata geji yenyewe yataka kusomwa kwa maarifa. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa kivulini kwenye nyuzi 30, gesi ya R-134a husoma karibu paundi 97 kwa inchi ya mraba, na wengi huiona tarakimu hiyo wakadhani kwamba gesi imejaa; kumbe presha hiyo hubaki ile ile maadamu kumebaki gesi ya maji maji kidogo ndani, iwe robo ya kiasi kinachotakiwa au iwe kamili. Kipimo cha haki cha gesi ni mizani. Kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti huandikwa aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, ambao kwa magari mengi madogo ni baina ya 400 na 600, na fundi aliye makini huitoa iliyopo kwa mashine, akaipima uzito, akaondoa hewa na unyevu kwa pampu, ndipo akarudisha kiasi kilichoandikwa. Anayejaza kwa kukisia huweza kuzidisha, na gesi iliyozidi hupandisha presha hata swichi ikakata umeme kwa upande wa juu, na kompresa ikakataa kushika kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ile iliyodhaniwa. Kadhalika feni ya kondensa ikifa, gari hupoza vizuri likiwa njiani na kukataa likisimama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, na hapo kuongeza gesi ni kuongeza maradhi.

Iko dasturi moja mbaya kuliko hizi zote, nayo ni ile ya kuunga dairekti. Fundi aliyeshindwa kumjua mzuiaji huvuta waya kutoka kwenye betri, akautilia swichi yake pembeni mwa usukani, na klachi ikashika papo hapo, mteja akafurahi na kulipa. Kuigusisha klachi kwa umeme wa betri kwa sekunde moja, ili kusikia kama inashika, ni uchunguzi halali. Kuiacha hivyo ni kuwafukuza walinzi wote kazini. Gesi ikivuja, hapana wa kuisimamisha kompresa isijisage. Injini ikichemka, hapana wa kuipunguzia mzigo. Evapureta ikiganda, hapana wa kuisubiri iyeyuke. Gari la namna hiyo likirudi gereji baada ya miezi michache na vipande vya chuma vimeenea ndani ya mabomba, hapo kweli kompresa imekufa, na kondensa pamoja na chujio vitaifuata.

Na uagizaji wa magari hautusubiri. Magari mengi mapya hayana klachi hata kidogo. Puli na mhimili huzunguka pamoja daima, na kazi ya kompresa huongezwa au kupunguzwa kwa vali ya umeme iliyomo ndani yake, hivyo fundi anayengojea kusikia "tak" atangoja hata usiku uingie. Magari ya haibridi kama Toyota Prius ya kizazi cha pili na zilizofuata yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 200 kupitia nyaya za rangi ya chungwa, na mafuta yake ni ya aina isiyopitisha umeme; anayeichezea kwa mazoea ya klachi huhatarisha roho yake, na anayeitia mafuta ya kawaida huiharibu. Katika magari hayo ubahatishaji umekwisha muda wake, wapende wasipende waliouzoea.

Sasa tuulize kwa insafu: kwa nini mafundi hawapimi? Wako wasiojua, hilo si siri, lakini wengi wanajua, na wakiwa na nafasi watakueleza kila nililolieleza hapa, na zaidi. Hawapimi kwa sababu kupima hakulipi. Mteja huuliza bei ya gesi, na huuliza bei ya kompresa, lakini hakuna aulizaye bei ya uchunguzi, na fundi akithubutu kusema kwamba kazi ya nusu saa ina ujira wake, hata ikiwa mwisho wake ni fyuzi isiyofika bei ya soda, mteja hung'aka, "Yaani umeangalia tu, halafu unataka hela?" Fundi aliyegundua waya uliokatika akauunga kwa dakika tano hupata shukrani, na fundi aliyeshindwa kuugundua akabadilisha kompresa nzima hupata faida. Soko lililopangwa hivi humfundisha mtu mwerevu awe mjinga kwa makusudi, na kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA na mita yake mkononi hujifunza katika miezi michache kuiacha mita hiyo kabatini.

Wako watakaosema kwamba mteja wa kawaida hana uwezo wa kulipia uchunguzi juu ya matengenezo. Mimi naona kwamba asiye na uwezo wa kulipia uchunguzi ana uwezo mdogo zaidi wa kulipia gesi kila baada ya miezi mitatu, au kompresa ambayo haikuwa na kosa. Wako pia watakaosema kwamba fundi mkongwe hahitaji mita, kwa kuwa uzoefu wa miaka ishirini humwambia tatizo kwa kulitazama gari linapoingia. Uzoefu ni mali, na siudharau. Lakini uzoefu humwonyesha fundi pa kuanzia kupima, na asiyepima baada ya hapo hana njia ya kujua ni mara ngapi uzoefu wake ulimdanganya, kwa sababu mteja aliyedhulumika harudi kumwambia. Huenda kwa fundi mwingine.

Jambo hili limepita mipaka ya mifuko yetu pia. Gesi ya zamani, R-12, iliachwa kwa kufuata Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu ilikuwa ikilitoboa tabaka la ozoni. R-134a iliyoshika nafasi yake haiidhuru ozoni, lakini kila kilo yake inayoachiwa hewani hupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya hewa ya kaboni. Mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, karibu kabisa na sisi, yakakubaliana kuipunguza gesi hii na jamaa zake hatua kwa hatua, na mapatano hayo yanaitwa kwa jina la mji huo. Mapatano ya mataifa hutekelezwa gereji, mahali ambapo fundi hufungua vali na kuiachia gesi ya gari zima iende zake kwa mvumo, kwa kuwa hapana aliyekubali kulipia mashine ya kuinyonya.

Ninalopendekeza ni dogo, na halihitaji sheria mpya. Kila gereji iweke bei ya kupima, iiandike ukutani pamoja na bei ya gesi, na mteja ailipe hata kama kosa litakuwa ni fyuzi. Na kila mteja adai stakabadhi yenye mambo matatu: umeme ulifika au haukufika kwenye klachi, presha ilikuwa ngapi kabla ya kazi, na gesi iliyotolewa na iliyotiwa ilikuwa gramu ngapi. Fundi asiyeweza kuyaandika mambo hayo matatu hajafanya uchunguzi, na hastahili kuuza kompresa. Fundi anayeyaandika, hata akimaliza kwa kubadilisha rilei tu, alipwe kwa uso mkunjufu, kwa sababu ametuuzia kitu adimu kuliko gesi na kompresa zote za Gerezani, nacho ni yakini.